Faili Moja la Mabinti Wawili

Mimi ni mwoga. Nasema mapema ili msomaji asije akanisubiri nifanye ushujaa. Naogopa radi, naogopa simu inayoita alfajiri, naogopa mbwa wa jirani ambaye hajawahi kumuuma mtu. Kazi yangu ni kutunza kanzidata ya wagonjwa katika hospitali moja hapa Sumbawanga, na ukiniuliza kazi hiyo ni nini hasa, nitakwambia nalipwa mshahara ili niogope. Wenzangu wakisema "leo mfumo uko vizuri," mimi moyo unaanza kwenda mbio. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Siku ninayotaka kuisimulia ilianza kwa mimi kujisahau, nikafanya jambo bila kuogopa.

Majina sitayataja, maana jina ndilo lililotuponza.

Mama yetu alijaliwa watoto wawili wa kiume, kaka yangu na mimi. Kwetu Ufipa mtoto hupewa jina la babu au la bibi, na hakuna anayesema jina hilo limeshachukuliwa. Kaka alipopata binti akampa jina la mama. Miezi mitano baadaye mke wangu naye akajifungua binti, nami nikampa jina hilo hilo la mama, tena upesi, nisije nikaonekana nampenda mama kidogo kuliko kaka. Wote wawili nawaita "mama." Mwaka wao wa kuzaliwa ni mmoja na ukoo ni mmoja. Hata kijiji ni kimoja, ingawa wangu amezaliwa mjini na kule huenda sikukuu tu, kwa sababu kwetu ukiulizwa unatoka wapi hutaji mtaa unakolala. Unataja kijiji alikozikwa babu yako. Chetu kiko ukingoni kabisa mwa uwanda, kabla barabara haijaanza kuteremka kwenda Muze.

Binti wa kaka alipokuwa na miaka minne alichomwa sindano ya penisilini kwenye zahanati. Haikupita muda akavimba uso mpaka macho yakafunga, na pumzi ikawa inatoka kwa mluzi. Nilikuwepo. Nilimwona kaka yangu, mwanaume anayeweza kumlaza dume la ng'ombe peke yake, akipiga magoti kwenye sakafu ya zahanati na kumwita Mungu kwa Kifipa. Mtoto alipona. Mwaka uliofuata hospitali yetu ilipoingia kwenye kompyuta, faili la kwanza nililoliingiza kwa mikono yangu lilikuwa lake. Kwenye nafasi ya mzio nikaandika PENISILINI, herufi kubwa tupu. Nikamwambia kaka kwa majivuno, "Sasa achana na kutembea na kadi zilizokunjwa mfukoni. Kila kitu kiko kwenye kompyuta. Siku mkija, we mwambie nesi aangalie tu." Kaka akafurahi, akatangaza kijiji kizima kwamba mdogo wake amewaweka wote kwenye kompyuta.

Basi, mwaka jana mwezi wa kumi na mbili, mganga mfawidhi wetu, mkuu wa hospitali, akaniita ofisini. Ni mama mpole mpaka unakasirika. Akaniambia wakaguzi wanakuja Ijumaa, na mfumo umejaa watu walioandikishwa mara mbili, wengine mara tatu. Ilikuwa kweli. Mtu anapoteza kadi, anafika mapokezi, foleni imefika getini, karani hana muda wa kumtafuta, anamfungulia faili jipya na maisha yanaendelea. "Safisha," akasema. "Kila mtu awe na faili moja."

Kazi ya namna hiyo inataka kichwa kilichotulia, na kichwa kilichotulia kwetu hakipatikani. Niko peke yangu. Wananiita "mtaalamu," na mtaalamu ni mtu wa kuitwa. Mtaalamu, printa imegoma. Mtaalamu, simu yangu imejaa, nifutie picha. Mtaalamu, mwanangu anaomba chuo, hebu njoo umwangalizie. Jumanne ile nilikaa niandike programu fupi tu, ukurasa mmoja, nikainuka kitini asubuhi nzima. Kila nikirudi nasoma upya kutoka juu, najiuliza hapa nilikuwa nafikiri nini, na kabla sijakumbuka mlango unafunguliwa. Nilimfokea binti wa maabara ambaye kosa lake lilikuwa kuniuliza saa.

Sheria niliyoipa programu ilikuwa rahisi. Ukikuta mafaili mawili yana jina moja, ukoo mmoja, jinsia moja, kijiji kimoja na mwaka mmoja wa kuzaliwa, huyo ni mtu mmoja aliyeandikwa mara mbili. Shika taarifa za faili jipya, futa la zamani. Nafasi ya jina la baba ilikuwepo, lakini makarani walikuwa wanairuka kwa ajili ya foleni, na aliyeruhusu irukwe ni mimi, baada ya kulalamikiwa mpaka masikio yakauma. Kwa hiyo jina la baba sikuliweka kwenye sheria. Mtu wa kuja angeweza kuuliza, "Jamani, huku si mnarithishana majina?" Mimi Mfipa, mwenye jina la babu yangu, ambaye darasa la tatu nilikaa dawati moja na binamu wa jina langu, sikuuliza.

Kabla ya kuiendesha nilianza kutoa nakala ya kanzidata nzima kwenye diski ya nje. Hilo sikuwahi kulikosa. Diski tunayo moja, kwa hiyo nakala mpya huandikwa juu ya ile ya zamani. Nikiwa nasubiri, nikaitwa wodi ya wazazi, kompyuta yao imeganda. Niliporudi kulikuwa na kisanduku kidogo cha maandishi katikati ya skrini. Nikabonyeza "Sawa" bila kukisoma, maana nyuma yangu mtu alikuwa ameshasimama na printa yake mikononi, ameibeba kama mtoto mgonjwa.

Programu ilikwenda dakika chache ikamaliza. Hakuna kilicholalamika. Mganga mfawidhi akapita, akaona idadi imepungua, akaniambia, "Umetuokoa, baba." Nikaenda kantini nikala wali kwa samaki wa Kipili, nikaongeza soda ya pili. Nikajiona mtu.

Jumatano saa nne asubuhi kaka akapiga simu. Plau ilikuwa imemkata binti yake mguuni. Shule zilikuwa zimefungwa, na watoto kwetu likizo ya mvua huwaongoza ng'ombe shambani. "Ilikuwa juzi," kaka akasema. "Tukafunga kitambaa, tukadhani yamekwisha, leo umevimba. Tuko hapa mapokezi. Wala usihangaike kutoka, mdogo wangu, najua una kazi. Nimeshawaambia kila kitu kiko kwenye kompyuta yako."

Nikamjibu nakuja sasa hivi. Na kwa kuwa kompyuta ilikuwa mbele yangu, nikafungua faili la mtoto, nione wameandika nini.

Namba ya simu ilikuwa ya mke wangu. Nikasoma malaria ya mwezi uliopita, nikakumbuka malaria ile, niliihangaikia mwenyewe. Nikadhani nimekosea, nimefungua la binti yangu. Nikatafuta la pili. Halikuwepo. Nikaandika jina la mama yangu mara ya tatu, taratibu, herufi baada ya herufi. Likaja faili moja. Kwenye nafasi ya mzio pameandikwa: Hakuna.

Yesu na Maria! Nilielewa yote kwa mpigo. Binti yangu wa mjini huja hospitali mara kwa mara, faili lake ndilo jipya. Lile la zamani, lenye herufi zangu kubwa, nilikuwa nimelifuta jana kabla ya kwenda kula samaki. Na kaka hatasema kitu, maana nilimwambia asiseme. Nilimwambia amwachie nesi aangalie tu kwenye kompyuta.

Nikaushika ule ubao wa herufi nirekebishe. Niandike PENISILINI upya, nesi ataiona kwenye skrini yake. Nilikuwa nimefika herufi ya nne radi iliponguruma huko upande wa bondeni, na skrini ikazima.

Hapa lazima nieleze, la sivyo mtu wa mbali hataamini. Kwetu radi ikinguruma, hata ikiwa mbali, hata kabla ya tone la mvua, watu huchomoa kila chenye waya. Redio, friji, pasi, kila kitu. Hospitalini karani wa mapokezi hukimbilia swichi kubwa. Vita hiyo nimeipigana miaka. Nimebandika matangazo, nimeitisha kikao, nimeeleza kwamba seva ikizimwa ghafla inaweza kuharibika. Nikakifunga kile kisanduku cha swichi kwa kufuli. Wakavunja kufuli. Na siwalaumu sana, kwa sababu nyumbani nami huchomoa.

Nikapiga simu ya mapokezi, imechomolewa. Nikapiga ya kaka. Imezimwa. Bila shaka ameizima, radi ikinguruma nani kwetu anaacha simu wazi? Nikapiga ya nesi mkuu, imezimwa pia. Watu wote walikuwa wamejikinga na radi kama tulivyofundishwa na mama zetu, na mimi nimebaki na simu mkononi na jambo la kumwambia mtu yeyote atakayepokea.

Kutoka chumba changu mpaka jengo la mapokezi kuna uwanja mpana, wazi, hauna hata mti. Mvua ilikuwa imeanza, mbingu inapasuka juu ya mapaa ya bati. Nimesema mimi ni mwoga. Nilisimama mlangoni. Nasimama hapo mpaka leo nikikumbuka, kwa sababu nilihesabu radi mbili nikiwa nimesimama, wakati mtoto yuko kule. Ya tatu ilipolia nikatoka mbio huku nimeinamisha kichwa, nasali sala za utotoni nikizichanganya.

Mapokezi karani aliniangalia kwa huruma. "Mtaalamu, mbona umelowa hivyo? Tumezima, kuna radi."

"Mtoto wa mguu yuko wapi?"

"Amepelekwa kufungwa kidonda. Usijali, nesi aliandika kila kitu kwenye karatasi kabla hatujazima."

Kila kitu. Hata ningemaliza kuandika lile neno kule chumbani lisingesaidia, maana uongo wangu ulikuwa umeshatoka kwenye kompyuta na kutembea kwa miguu. Nikakimbia koridoni nikiteleza, viatu vinapiga kelele, watu kwenye mabenchi wanavuta miguu.

Niliposukuma mlango nilimwona kaka kwanza. Ameketi, amempakata binti yake, amemziba macho kwa kiganja asiione sindano. Nesi alikuwa amesimama juu yao, nesi mtu mzima ninayemwamkia shikamoo kila asubuhi, sindano imeshavutwa dawa, pamba mkono wa pili. Nikamrukia yule mama nikamkamata mkono.

"We mtoto una wazimu?" akafoka.

Nikaonyesha sindano kwa kidole. "Penisilini?"

"Penisilini, ndiyo. Kwani nini?"

"Hachomwi hiyo. Atakufa."

Nesi akaishusha sindano kwenye sinia. Akachukua karatasi, akainyoosha mbele ya macho yangu. "Nimemuuliza baba yake kama mtoto ana aleji. Akasema angalia kwenye kompyuta. Nimeangalia. Si hii hapa? Hakuna."

Kaka aliondoa kiganja machoni pa mtoto. Akaniangalia mimi, wala hakumwangalia nesi. "Si uliandika?" akauliza.

"Niliandika, kaka."

"Sasa?"

"Nimefuta."

Nilitamani anipige. Tungekuwa wadogo angenipiga na yangekwisha. Akaanza kumpapasa binti yake mgongoni kwa mkono wake mkubwa. Baadaye akasema, "Basi," kwa sauti ndogo. Nesi akamwita daktari, naye daktari akaandika dawa nyingine. Mtoto alilia wakati wa kusafishwa kidonda, na mimi nilikaa koridoni nikimsikiliza analia, nashukuru kwamba analia.

Umeme uliporudishwa nikaenda kwenye diski yangu ya nakala. Moyoni nilijipa tumaini kwamba kwa dakika chache nitarudisha mafaili yote niliyoyafuta. Nakala ilikuwa imekatika katikati. Diski ilijaa. Ndicho kile kisanduku kilichokuwa kinaniambia Jumanne, nikakijibu "Sawa." Na ile ya zamani ilikuwa imeshaandikwa juu yake.

Nilitaka kunyamaza. Nasema kweli, nilikaa pale nikitafuta namna ya kunyamaza. Mtoto hakuchomwa, nesi nitamwangukia, kaka ni damu yangu. Nina mke, nina mtoto, nina nyumba ya kupanga. Lakini programu ilikuwa imeniachia orodha ya majina yote iliyoyaunganisha, kurasa na kurasa, na nilipoanza kuisoma nikaona jinsi majina ya mabibi yetu yalivyojaa humo. Wengine walikuwa kweli mtu mmoja aliyepoteza kadi. Wengine walikuwa binamu wawili, mmoja ameshafutwa, na huko aliko anapalilia maharage yake hajui. Nani kati yao hachomwi dawa gani? Mwenye kifafa ni yupi, mwenye kisukari ni yupi?

Nikabeba ile orodha mpaka kwa mganga mfawidhi. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Waliofutwa, walio watu kweli, ni wangapi?"

"Sijui, mama."

"Watakuja lini?"

"Sijui."

Akavua miwani, akafumba macho. Wakaguzi walipofika Ijumaa aliwaambia mwenyewe kwamba mfumo umefungwa na sababu ni nini. Hakunifukuza. Alinipeleka kwenye stoo ya kadi za zamani pamoja na makarani wawili, tukaketi chini tukazitenganisha moja moja, wiki baada ya wiki. Makarani walikuwa wanajua mambo ambayo programu yangu haikuyajua. "Huyu ni wa kwa mkubwa," mmoja anasema, "yule wa kwa mdogo, mama yake anatoka Namanyere." Tulifanikiwa kwa wengi. Lakini kwenye kona moja ya stoo mchwa walikuwa wametangulia, na kuna watu ambao kadi zao zilibaki udongo. Hao tumewatafuta kwa simu na kwa wenyeviti wa vijiji, wengine tukawapata. Waliobaki nimewaandika kwenye daftari ambalo silitoi mfukoni. Siku hizi jina la baba halirukwi hata foleni ifike barabarani, na manesi wameagizwa kumuuliza mgonjwa kwa mdomo hata kama skrini imesema. Watu wanasema mfumo sasa uko vizuri. Simu ikiita, natoka jasho.

Pasaka tulikwenda kijijini, mke wangu, binti yangu na mimi. Nilikwenda naogopa. Tangu siku ile kaka alikuwa ananipigia kwa habari za mama tu, maneno mawili, anakata. Alitupokea vizuri. Akachinja kuku, tukaongea habari za mvua na mahindi, akamtania binti yangu kwamba mkono wake wa mjini hauwezi kushika jembe. Lile jambo hakuligusa, nami nani aniponye nikiligusa?

Jioni binti yake akarudi kutoka bombani, ndoo kichwani, anachechemea kidogo sana, usipojua huoni. Wangu akamkimbilia wakashikana mikono. Nikamwita kama ninavyomwita siku zote. "Mama, hujambo?"

Akaitua ndoo. Akaja mbele yangu, akapiga goti moja kama alivyolelewa, akaniangalia usoni.

"Shikamoo baba mdogo. Mimi sichomwi penisilini."

Nikageuka kumtazama kaka. Alikuwa anapukuchua mahindi, hakuinua kichwa.

"Nimemfundisha amwambie kila mtu wa hospitali," akasema. "Kabla hajaulizwa."

"Marahaba, mama," nikamjibu mtoto. "Nimesikia."